Taa ya filta ya masizi imewaka kwenye lori lako: anzia wapi kabla ya kununua filta mpya

"Njomba, filta imekufa. Niagizie nyingine tu."

Ndivyo alivyoanza dereva mmoja aliyeniletea kichwa cha semi hapa Mtwara, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Alikuwa ametoka Newala na magunia, gari halivuti, kila kipando anashuka gia hadi bodaboda zinampita. Taa ya filta ya masizi, ile tunayoiita DPF, ilikuwa inamwakia tangu wiki iliyotangulia. Ndani ya siku tisa alikuwa amebonyeza kitufe cha kuchoma masizi mara nne. Kila akichoma taa inazima, kesho yake jioni imerudi.

Nikachuchumaa pembeni ya tairi la mbele, nikamwambia akanyage mafuta. Mluzi mwembamba. Nikamwambia azime, nikapitisha kidole chini ya klampu ya mpira wa intakula (kipozeo cha upepo unaoshindiliwa na tabo kwenda kwenye injini), upande ule ambao jicho halifiki, na kidole kikazama. Mpira ulikuwa umechanika urefu wa kiungo kimoja cha kidole, na kuuzunguka kulikuwa na oili nyeusi iliyoshika vumbi la njia nzima. Mpira mmoja na klampu mbili, kazi ikaisha. Filta ilikuwa nzima. Kosa lake lilikuwa kumeza moshi ambao injini haikupaswa kuutoa.

Ndiyo maana katika mwongozo huu filta yenyewe tutaigusa mwishoni kabisa. Kuna mambo matatu tu yanayoiziba: injini inaleta masizi kupita kiasi, au filta haipati joto la kuyachoma, au imejaa majivu ya miaka mingi ambayo hayaungui kwa joto lolote. Kazi ya fundi ni kujua ni lipi kati ya hayo. Kuzibua bila kujua ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja.

Kwanza, je, unayo?

Usicheke. Nimeshaona mtu analipia "kusafisha DPF" kwenye gari ambalo halina. Malori mengi ya Kichina tunayopishana nayo kila siku barabara ya Mingoyo hayana filta hii. Ya Ulaya ya kiwango cha moshi cha Euro V mengi yana tangi la AdBlue (maji ya urea ya kusafishia moshi) lakini hayana DPF. Euro VI, kiwango kilicholazimishwa kwa malori mapya yote kule Ulaya kufikia mwanzoni mwa 2014, ndiyo yenye vyote viwili. Ya Marekani yalianza kuwa nayo kwa injini za 2007. Na yale ya Kijapani yaliyotumika, ambayo ndiyo yametapakaa kwetu, mengi yanayo ila kwa majina mengine: kwenye Isuzu utaona kitufe kimeandikwa DPD, kwenye Hino DPR. Maelezo mengine dashibodini yakiwa ya Kijapani, tafuta herufi hizo tatu.

Kwa macho utaitambua hivi: kwenye eksozi kuna chombo kinene kama pipa dogo, kina nyaya za sensa za joto, na vijibomba viwili vyembamba vinatoka humo kwenda kwenye sensa moja ndogo. Vijibomba hivyo viwili uvikumbuke, tutarudi kwavyo.

Ndani ya pipa hilo kwa kawaida kuna vitu viwili. Mbele kuna kataliti, yaani kichocheo. Nyuma yake ndiyo filta, jiwe la kauri lenye maelfu ya vijitundu kama sega la nyuki, na kila kijitundu kimezibwa upande mmoja. Moshi ukiingia hauna njia ya moja kwa moja. Inabidi upenye ukutani kwenda kijitundu cha jirani, na masizi yanabaki ukutani. Gari likiwa na mzigo na eksozi ikafika kama nyuzi 250 hadi 400 za Selsiasi, kataliti husaidia masizi kuungua taratibu bila wewe kujua. Joto hilo lisipotosha, kompyuta inaongeza dizeli kidogo kwenye moshi, kataliti inaichoma, na joto linapanda hadi nyuzi 550 au 600 na zaidi. Masizi yanateketea. Majivu ya oili yanabaki palepale.

Muulize dereva kabla ya kuligusa gari

Hili linaokoa nusu ya siku. Ninauliza hivi: taa iliwaka lini mara ya kwanza? Gari limekuwa likifanya kazi gani mwezi huu? Umechoma mara ngapi, na ulikatiza mara ngapi? Oili iliwekwa lini na kopo lilikuwa la aina gani? Maji ya rejeta yanapungua? Dizeli umejaza wapi?

Swali la kazi ndilo lenye majibu mengi zaidi huku kusini. Lori linalotoka Mbinga na makaa ya mawe, likapita Songea, Tunduru na Masasi hadi bandarini, linapata joto la kutosha barabara nzima. Tatizo lake huanza likifika mjini na kukaa kwenye foleni injini ikiunguruma ili dereva apate kiyoyozi. Lori la korosho lina shida kubwa zaidi. Linazunguka kwenye maghala ya vyama vya msingi, kilomita 10 hapa, 15 kule, linasimama saa nzima likipakia, kisha linakaa foleni kwenye ghala kuu. Injini ikiwa sailensa, bila kukanyagwa mafuta, moshi wake mara nyingi haufiki hata nyuzi 200. Masizi yanaingia, hayachomeki. Dereva huyo hata ukimfungia filta mpya leo, kabla msimu haujaisha utamwona tena.

Taa zinapanda ngazi

Karibu magari yote yanafuata mpangilio mmoja. Taa ya DPF ikiwaka bila kupepesa, masizi yamefika kiasi cha kuhitaji kuchomwa: tafuta barabara ndefu au bonyeza kitufe. Ikianza kupepesa, usiahirishe tena, simama mahali salama uchome. Ikiungana na taa ya injini na gari likapungua nguvu, kompyuta inajilinda. Ikija taa nyekundu ya kusimama, zima.

Kwenye hatua ya mwisho kitufe hakifanyi kazi, na madereva hudhani kimeharibika. Hapana. Kompyuta imekataa makusudi, kwa sababu masizi yakiwa mengi kiasi hicho yakishika moto kwa pamoja joto linaweza kuyeyusha au kupasua jiwe. Usimruhusu mtu alazimishe kwa mashine "ili ufike tu". Hapo filta inatolewa, inasafishwa nje ya gari.

Kidole kwenye eksozi, pua kwenye dipstiki

Sasa gari limepoa. Ingiza kidole kwenye mdomo wa eksozi, futa, kitazame. Filta ikiwa nzima, kidole kinatoka kisafi au na vumbi jepesi la kijivu. Kikitoka cheusi tii, jiwe limepasuka ndani, au limeshatolewa na mtu kabla yako na pipa limebaki tupu. Ukinunua lori la mtumba fanya hivi kabla hata ya kuuliza bei.

Halafu chomoa dipstiki. Oili ikiwa juu ya alama na inanuka dizeli, kuna uchomaji mwingi uliokatizwa. Magari mengi ya Kijapani humwaga dizeli ya kuchomea masizi kupitia nozeli za injini zenyewe, mwishoni mwa mwendo wa pistoni. Sehemu ya dizeli hiyo hupita pembeni ya ringi na kushuka kwenye oili. Oili hiyo imekuwa nyepesi, haitakiwi kuendelea. Imwage leo, kabla ya kuchoma tena. Malori makubwa mengi yana nozeli ya pekee kwenye eksozi kwa kazi hiyo, kwa hiyo oili ikipanda huko tafuta sababu nyingine.

Angalia pia maji ya rejeta. Yakipungua bila kuonekana yanakomwagika, kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) huenda kinavuja na maji yanaishia kwenye eksozi. Filta haipendi maji hayo hata kidogo.

Vijibomba viwili na sensa

Kompyuta haioni masizi. Inachojua ni tofauti ya presha kabla na baada ya filta, pamoja na hesabu zake yenyewe. Sensa ikidanganya, gari zima linadanganyika, na filta nzima inahukumiwa bure.

Washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye mashine ya kupimia, tofauti ya presha ya DPF lazima isome sifuri au karibu sana na sifuri, maana hakuna moshi unaopita. Ikisoma namba yoyote ya maana, tatizo ni sensa au wayaringi, achana na filta kwanza. Kisha washa. Ikiwa sailensa na injini imepata moto, malori mengi yenye filta safi husoma chini ya kPa 1 au karibu na hapo. Ukikanyaga mafuta namba inapanda na kushuka pamoja na mguu wako. Namba kamili ya gari lako iko kwenye kitabu chake, itafute. Ikisoma chini ya sifuri huku injini inaunguruma, mara nyingi mipira imegeuzwa: wa mbele umewekwa nyuma. Hilo hutokea sana baada ya mtu kufungua na kufunga kwa haraka.

Mipira yenyewe ikague kwa vidole. Joto huikausha, ikawa migumu kama gamba, ikapasuka pale inapoingia kwenye chuma. Mpira wa kabla ya filta ukipasuka, namba inashuka na kompyuta inaona filta tupu. Vijibomba vya chuma navyo huziba kwa masizi yaliyoshikana na unyevu. Vizibue kwa upepo wa kompresa kuelekea kwenye filta, lakini uchomoe sensa kwanza. Nimeona sensa mpya ikiuawa kwa upepo huo sekunde tano baada ya kutolewa kwenye boksi.

Kodi

Malori ya Ulaya na Marekani mengi hutoa kodi, yaani namba za makosa za kompyuta ya gari: SPN inataja sehemu yenye shida, FMI inataja aina ya shida. Zinazotuhusu ni chache. SPN 3251 ni tofauti ya presha ya DPF. SPN 3719 ni kiwango cha masizi. SPN 3720 ni majivu. SPN 3242 ni joto la kuingia kwenye filta na 3246 ni joto la kutoka. Namba ya FMI inayofuata ndiyo inayosema uzito: 15 ni onyo jepesi, 16 la kati, 0 limefika kileleni. FMI 3 au 4 ni habari ya umeme, waya umekatika au umegusana, na hapo mwite fundi umeme kabla ya mtu wa eksozi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kufuta kodi kwanza na kusoma baadaye. Piga picha ya kila kodi kwa simu, zilizopo na zilizopita, ndipo uguse kitu. Na kama kuna kodi ya EGR, ya tabo, ya nozeli au ya presha ya upepo pamoja na ile ya filta, ya filta iweke mwisho. Mara nyingi ni mtoto wa zile nyingine.

Mtafute anayeleta masizi

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko upepo. Basi fuata upepo tangu unapoingia.

Filta ya hewa ndiyo ya kwanza. Barabara za vijijini za Tandahimba na Newala wakati wa kiangazi zina vumbi jembamba kama unga, na utingo akiipiga filta kwenye tairi ili kuikung'uta hujapata filta safi, umepata filta iliyotoboka.

Kisha mipira ya tabo na intakula. Kuisikiliza kwa sikio hakutoshi. Ziba mdomo wa kuingilia wa tabo kwa kizibo chenye vali, ingiza upepo usiozidi bari 1 hadi 1.5, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio, kila klampu, na uso mzima wa intakula. Mapovu yatakuonyesha. Paka na upande wa chini. Yule wa Newala alikuwa ameshakaguliwa na fundi mwingine aliyepaka juu tu.

Tabo yenyewe: toa bomba la kuingilia, shika mhimili wake utikise. Kucheza kidogo ni kawaida, kugusa ukuta si kawaida. Chungulia upande wa eksozi. Kukiwa na oili mbichi, tabo inapitisha, na oili hiyo imeshaenda kupaka uso wa kataliti na kuongeza majivu kwenye filta. Tabo ikitengenezwa bila kukagua vilivyo nyuma yake, kazi imefanyika nusu.

Vali ya EGR ikikwama wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa. Ifungue, isafishe, hakikisha inafunga hadi mwisho. Nozeli nazo zipimwe kwa mashine kama gari lina kipimo cha kulinganisha silinda, au kwa kupima dizeli inayorudi. Nozeli moja inayovuja inaweza kuziba filta peke yake, na dereva asihisi chochote zaidi ya kelele kidogo asubuhi.

Usiruke thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Injini isiyopata moto vizuri haitoi eksozi ya moto, na kompyuta nyingi hukataa kuchoma masizi kama maji ya rejeta hayajafikia joto lake. Kuna mafundi huku bado wanaitoa thamostati na kuitupa "gari lisichemshe". Kwa lori lenye DPF, huko ni kuiua filta taratibu.

Kuchoma gari likiwa limesimama

Ukishaondoa chanzo, choma. Na hapa uwe mkali kuliko ulivyo kawaida, kwa sababu mdomo wa eksozi na pipa lenyewe vitakuwa vya moto wa kutisha kwa dakika 20 hadi 60.

Mahali kwanza. Udongo mtupu au zege, mbali na nyasi kavu, makuti, magunia, matawi ya mikorosho na turubai linaloning'inia. Kuanzia mwezi wa tano malori hubeba salfa ya unga ya kupulizia mikorosho. Lori lenye shehena hiyo, au lililoegeshwa karibu na ghala lake, lisichomwe masizi kabisa, salfa inashika moto. Usichome ndani ya banda lililofungwa. Watoto wawe mbali. Usiliache gari ukaenda kunywa chai, na usilale kwenye kebini.

Masharti ya gari: breki ya mkono imevutwa, gia ya bure, mguu nje ya pedali zote, PTO (gia inayoendesha vifaa kama tipa) imezimwa, injini ina moto. Moja likikosekana kompyuta inakataa kimya kimya. Angalia pia kama swichi ya kuzuia uchomaji imebonyezwa. Madereva wanaobeba vitu vya hatari huiweka wakasahau kuitoa.

Unganisha mashine ya kupimia na ufuate namba tatu: joto kabla ya kataliti, joto baada ya kataliti, na tofauti ya presha. Hizo tatu zinakupa jibu la ugonjwa wote, na ndiyo sababu sipendi kuchoma kwa kitufe tu huku nimekunja mikono.

Joto la kabla ya kataliti lisipofika kama nyuzi 250, dizeli ya kuchomea haitaingizwa kabisa. Injini haipashi eksozi: rudi kwenye upepo unaovuja, EGR, vali ya hewa ya kuingilia, thamostati.

Likifika, lakini joto la baada ya kataliti likawa halipandi, tazama mdomo wa eksozi. Moshi mweupe mzito unaonuka dizeli maana yake dizeli inaingia na kataliti haiichomi. Imefunikwa na masizi usoni au imechoka. Zima mara moja, dizeli mbichi inakusanyika humo na ikishika moto kwa mkupuo utaukumbuka mwaka mzima. Pasipo moshi wowote, dizeli haiingii: nozeli ya eksozi imeziba, jambo la kawaida kabisa, au bomba lake halina mafuta. Nozeli hiyo itoe, isafishe, weka gasketi mpya.

Joto la baada ya kataliti likipanda vizuri, nyuzi 550 na zaidi, likatulia huko, na tofauti ya presha ikashuka pole pole hadi karibu na ya filta safi, umemaliza. Likipanda vizuri halafu presha ikagoma kushuka, kilichobaki humo ni majivu. Choma mara kumi, hutayapunguza hata chembe.

Ikimaliza, iache injini isimame sailensa dakika chache ipoe kabla ya kuzima, usiue tabo.

Kuitoa na kuisafisha

Filta iliyofikia hapa kwa kawaida imeshatembea zaidi ya kilomita 200,000, au pungufu ya hapo kama injini inakula oili. Kabla ya kufungua klampu chora mstari kwa chokaa kwenye pipa na kwenye bomba ili irudi kwenye mkao uleule; mshale wa mwelekeo wa moshi nao uufuate. Iteremshe kwa watu wawili. Ni kauri, ikidondoka imepasuka hata kama kwa nje haina alama.

Ipime uzito. Mizani ya korosho inafaa kabisa, na makarani hawana noma ukiwaomba vizuri. Andika kilo. Baada ya kusafisha pima tena kwenye mizani ileile. Uzito usipopungua umelipia kupigiwa vumbi.

Chungulia kwa tochi. Uso wa kuingilia ukiwa na oili au umeyeyuka kama nta, filta haiponi. Mulika tochi upande mmoja na utazame upande wa pili: vijitundu vimezibwa kwa kupishana, kwa hiyo hupaswi kuona mwanga ukivuka. Ukiuona, jiwe limetoboka.

Usafishaji wa kweli ni wa tanuri maalumu, kuoka kwa joto la nyuzi karibu 600 kwa saa kadhaa, kisha kupulizwa kwa upepo kutoka upande wa kutokea kwenda wa kuingilia. Mwenye tanuri hilo ndiye wa kumpelekea, hata kama inabidi filta ipande basi hadi mji mwingine. Mashine ya kuoshea magari yenye presha kali iache. Maji yale yanasukuma majivu chini ya vijitundu yakagandamana kama saruji, na yanaweza kung'oa tabaka la kichocheo. Nafahamu wanaofanya hivyo na gari likaondoka. Wanaorudi baada ya miezi miwili hawahesabiwi. Na mtu anayepuliza majivu avae barakoa nzuri, si leso. Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012.

Kurudisha: gasketi mpya na klampu mpya. Gasketi ya zamani ikivuja joto linapotea na kila kitu tulichofanya kinaharibika. Kisha ingia kwenye mashine na uweke upya hesabu ya majivu, lakini kama tu filta imesafishwa kweli. Ukiiweka upya kwa filta chafu, kompyuta itaamini ina nafasi ambayo haipo.

Jaribio la barabarani

Kwenda Mikindani na kurudi hakutoshi. Lipe mzigo, lipeleke mpaka Mingoyo kwa mwendo wa kawaida, mwendo wa zaidi ya saa moja, na mtu wa mashine akiwa kiti cha pili anaandika tofauti ya presha kwenye vipando. Rudi, acha lipoe, rudia kidole kwenye eksozi.

Oili, dizeli na foleni

Oili ndiyo chanzo cha majivu, kwa hiyo kopo lisome. Lori la Ulaya au Marekani lenye DPF linataka oili ya majivu machache: API CJ-4 au CK-4, au ACEA E6 na zinazofanana nayo. La Kijapani tafuta JASO DH-2. CI-4 na CF-4 zinazojaa madukani ni nzuri kwa injini zisizo na filta; kwenye yenye filta zinaijaza majivu kabla ya wakati. Tofauti ya bei ya kopo ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya jiwe moja la DPF.

Dizeli yetu ya Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, wakati Euro VI ilitengenezwa kwa dizeli ya 10 na injini za Marekani kwa 15. Gari litaishi na 50, ila kataliti itachoka mapema, kwa hiyo usiiongezee adhabu. Dizeli ya madumu ya pembeni ya barabara, inayokuwa rahisi ghafla msimu ukianza, mara nyingi ina mafuta ya taa au maji. Jaza kituoni, chukua risiti.

Foleni ikizidi dakika kumi, zima injini. Najua joto la Desemba hapa Mtwara, najua mbu wa usiku bandarini. Zima tu. Na uchomaji ukianza wenyewe barabarani, usiukatize kwa kusimama kununua maji ya madafu; endelea hadi taa izime.

Kuhusu kuikata

Kila wiki kuna anayeniuliza: "Fundi, si tuitoboe tu?" Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya mazingira peke yake. Ukiitoboa, sensa inasoma presha ndogo mno na gari linapungua nguvu vilevile, inabidi programu ya kompyuta ichezewe. Anayeichezea ndiye aliyeshika injini yako tangu siku hiyo. Na ule mpira uliochanika, ile nozeli inayovuja, vitaendelea kutafuna injini bila taa ya kukuambia.

Yule dereva wa Newala sasa ana daftari dogo kwenye mfuko wa mlango. Kila akija ninamwandikia kilomita, tofauti ya presha ikiwa sailensa na ikiwa imekanyagwa, na tarehe ya kuchoma. Mara ya mwisho ukurasa ulionyesha namba ya sailensa imepanda kidogo mara tatu mfululizo, taa ikiwa bado haijawaka. Tulifungua vali ya EGR siku hiyohiyo, tukakuta imekwama robo.